Pareto mbele ya nyumba

Kuna mzee mmoja hupita hapa kwetu Kiamunyi kila asubuhi akielekea steji, na kwa miezi mingi salamu yetu ilikuwa ni kuinua mkono tu, hadi siku moja mwezi wa tisa akasimama pale getini, akashika fenzi kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mama, hiyo si pareto?" Nikamwambia ndiyo mzee, ni pareto. Akauliza tena kama hajasikia. Kisha akaomba kuingia. Akainama, akachuma ua moja, na hakulinusa venye mtu hunusa waridi, kwanza alilisugua kwa kidole gumba hadi kile kitovu cha njano kikapasuka ndio akalileta puani, akakaa hivyo macho amefunga. Halafu akaniambia pareto ndiyo ilimjengea mama yake nyumba ya mabati, akashukuru, akaenda zake steji.

Nimekaa na hiyo asubuhi kichwani wiki nyingi ndio nimeamua kuandika, manake watu wakiniuliza kwa nini nimepanda kitu cha shamba, ua la kutengeneza dawa ya wadudu, mahali pa maua huwa nawajibu mbio mbio nikiwa njiani, na naona siitendei haki pareto. Hiki kitu nakipenda sana. Nataka mtu mwenye kaploti, hata ka futi kumi kwa kumi, huku Nakuru, Njoro, Bahati, Molo, hadi kule juu Timboroa, ajue kuna ua moja linaloishi miaka, linapenda jua kali, halitaki maji ya kila siku, na kwamba hilo ua mama zetu walililima nusu ya maisha yao bila mtu yeyote kuwaambia ni zuri.

Na ni zuri. Simama karibu nalo asubuhi kabla jua halijapanda. Majani yamekatika katika kama ya karoti, lakini rangi yake ni kijani kilichofifia, na ukigeuza jani upande wa chini unaona weupe kama mtu amelipulizia jivu. Hata jina lake la kisayansi, Tanacetum cinerariifolium, lina hilo neno la jivu ndani yake. Mmea wenyewe ni kichaka cha kufika gotini, saa zingine kupita kidogo, na kutoka kwa hicho kichaka zinapanda bua nyembamba nyingi, kila bua na ua lake, petali nyeupe zimezunguka kitovu cha njano. Upepo ukipita yote yanainama upande mmoja na kurudi. Vijana wakipita hudhani ni deizi, na hawajakosea sana, ni ukoo mmoja na deizi, na dalia, na alizeti.

Kwao hasa ni Dalmatia, hiyo pwani ya Kroatia, kwenye vilima vya mawe vinavyoangalia bahari. Hilo nilikuja kulijua nikiwa nimeshaua mimea kadhaa, na ningelijua mapema ningeiokoa, kwa sababu kila kitu pareto inachotaka ni kile ilichozoea huko kwao: jua bila kizuizi, mchanga unaopitisha maji, mawe, baridi ya kutosha. Huku Kenya pareto iliingia mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo Japani ndiyo ilikuwa inauzia dunia pareto nyingi, na ni huko Japani ndiko Eiichiro Ueyama alitengeneza vijiti vya kufukiza mbu kwa unga wa haya maua mwaka 1890, ile ya kuzunguka tunayoijua sote ikaanza kuuzwa 1902. Vita vya pili vya dunia vikafunga soko la Japani na wanunuzi wakageukia huku kwetu. Kwa miaka mingi baada ya hapo zaidi ya nusu ya pareto ya dunia ilitoka kwa milima ya Kenya, Molo, Kuresoi, Kinangop, Kisii, hadi pande za Mlima Elgon. Siku hizi inayoongoza ni Tasmania, kule Australia.

Mimi nimelelewa ndani ya hiyo pareto. Shosho yangu, yaani nyanya, anaishi upande wa Turi, karibu na Molo, na likizo zote tulikuwa tunapelekwa huko. Tulikuwa tunafungwa gunia dogo kiunoni, na kazi ilikuwa kuchuma ua bila bua, unashika kichwa cha ua kati ya vidole viwili na kidole gumba, unavunja, unatupa kwa gunia, mkono mwingine umeshaenda kwa ua lingine. Nakumbuka hiyo sauti, tak tak tak, mamangu na shangazi zangu wamesambaa kwa mistari na kila mtu anaongea bila kuangalia mwenzake. Mikono inabaki na utomvu wa kunata na harufu ambayo hata sabuni ya kipande haiitoi siku hiyo. Binamu yangu mmoja alikuwa anapiga chafya kuanzia asubuhi hadi jioni na macho yanavimba, ikabidi apewe kazi ya kuangalia ng'ombe. Tukimaliza tunaanika, tunatandaza maua membamba membamba juu ya magunia, na hapo ndipo watoto walikuwa na kazi kubwa kuliko watu wazima, manake Molo mvua haipigi hodi, wingu likitoka upande wa Mau unasikia shosho akiita na mnakimbia wote mkakunje magunia. Kilo nne au tano mbichi zikikauka vizuri zinabaki kama kilo moja. Nilikuwa nashangaa kazi yote ile imeenda wapi.

Kisha pesa zikaanza kuchelewa. Kwanza mwezi, halafu msimu, halafu watu wanapeleka maua na wanarudi na karatasi tu. Sitaki kukaa sana hapo kwa sababu kila boma la upande huo lina hiyo hadithi na walioipitia wanaijua kuliko mimi. Nitasema tu nilikuwepo siku shosho aling'oa. Nilikuwa darasa la saba. Hakupiga kelele, hakulaumu mtu, alichukua jembe la meno akaanza mstari wa juu akaja chini, na mjomba nyuma yake akipanda waru, yaani viazi. Kufika jioni shamba lilikuwa jeusi. Miaka mingi baadaye nilikuja kusikia watu wameanza tena kugawiwa miche ya pareto, na nikifika Molo naona vipande vyeupe vyeupe kwa milima, lakini shosho hakurudi. Alisema ameshazeeka kwa hiyo kazi.

Sasa hii yangu ilitoka wapi. Tulipohamia Kiamunyi nilienda Turi kumsalimia, na nikiwa natembea chini ya shamba pale kwenye ukingo wa mawe, mahali jembe halifiki, nikaona kitu cheupe. Vichaka vinne. Vitukuu vya ile pareto ya zamani, vimejiotea vyenyewe katikati ya mawe, hakuna aliyevipalilia, hakuna aliyevimwagilia, nyasi ya sangari imevizunguka pande zote na vimejaa maua hadi bua zinaegemeana. Nilikaa chini hapo nikavitazama. Nikachimba kimoja, nikakifunga na gunia la maji, nikashuka nacho Nakuru kwa matatu nimekipakata.

Na hapo ndipo nilipokosea. Nilikipenda kupita kiasi. Nilikigawa vipande sita, nikachimba mashimo makubwa pale karibu na tangi, mahali pazuri kuliko pote kwa ploti, pana udongo mweusi nilikuwa nimeununua kwa pikapu, nikajaza mbolea ya ng'ombe, nikamwagilia asubuhi na jioni. Mwezi wa kwanza niliona kama nimeshinda. Majani yalikuwa mengi, laini, marefu, ya kijani kibichi kabisa ambacho pareto haina. Mvua za Aprili zikaingia, gata ikajaa ikamwagika hapo hapo. Wiki ya pili ya Mei majani ya chini yakaanza kuwa ya njano, halafu katikati ya kichaka pakalegea, na siku niliposhika kimoja kukiangalia kikatoka chote mkononi bila mzizi hata mmoja, shina limeoza na linanuka. Vitano vilienda hivyo. Niliumia, kwa sababu haikuwa mche wa kununua, ilikuwa ni ya shosho, ya kwenye mawe.

Cha sita kilikuwa kimebaki kwa sababu ya uvivu wa siku ya kupanda. Shimo lilikuwa limejaa na sikutaka kuchimba lingine, nikakibandika tu kando ya fenzi, kwa lile vumbi la kijivu na kokoto zilizobaki wakati wa kujenga. Sikukipa mbolea. Maji nilikipa kama niko karibu. Na ndicho hicho kilichonipa maua ya kwanza mwezi wa nane, na ndicho kilicholeta yote niliyo nayo leo.

Kwa hivyo wacha niseme jinsi ninavyopanda sasa. Udongo wetu wa huku Nakuru, ule mwepesi wa jivu la volkano ambao unalalamikiwa na kila mtu mwenye nguo nyeupe, ule unaokunywa maji na kukauka kabla hujarudisha mtungi, huo ndio pareto inautaka. Kama kwako udongo ni mfinyanzi wa kushika maji, inua tuta la futi moja, changanya na kokoto au mchanga wa mto wa chembe kubwa, na usipande mahali maji ya paa yanapoangukia. Mbolea ya ng'ombe weka kidogo, iliyooza kabisa, mkono mmoja kwa shimo, na ukikosa isikusumbue. Mimi hupanda mvua ya masika ikiwa imeshika, mche na mche sentimita thelathini, mstari na mstari kama sitini, na shingo ya mmea, pale majani yanapotokea, haifunikwi na udongo. Ukiifunika umeanza kuioza. Kwa wiki tatu za kwanza maji yakikosa mbinguni nampa, baada ya hapo namwacha ajitafutie. Januari na Februari, wakati nyasi ya kompaundi imekuwa rangi ya biskuti, pareto inakunja majani kidogo, inakuwa ya kijivu zaidi, inangoja. Haifi. Nimeona watu wakiimwagilia kwa huruma wakati huo, na namwelewa kila mtu anayefanya hivyo.

Jua nalo usilifanyie ujanja. Nilijaribu, nilikuwa na kipande kimoja kimebaki na mahali palipobaki ni chini ya mvokado, panapata jua la asubuhi tu. Kimeishi, hakijakufa, lakini kimelala upande wote kama mtu anayechungulia, kinatafuta mwanga, na msimu mzima kilitoa maua matatu. Mwenzake wa umri huo huo, mita nne kutoka hapo, kwenye jua la kutwa, nilihesabu hadi sitini nikaacha.

Halafu kuna jambo la baridi, na hili nilifundishwa na dadangu bila yeye kujua. Ameolewa Kisumu, upande wa Mamboleo, na ni mtu wa maua kunishinda. Nilimpelekea vipande vinne, akavipanda vizuri kabisa, jua analo la kutosha hata la kugawa, akafanya tuta, akaweka mawe. Baada ya miezi sita akanitumia picha. Vichaka vizuri, vimejaa, vikubwa kuliko vyangu, na hakuna ua. Baada ya mwaka, hakuna ua. Akanipigia ameudhika, "Dada, uliniletea dume?" Kumbe pareto ili itoe vichwa vya maua lazima ipitie baridi, wiki kadhaa za usiku wa kufunika blanketi mbili, na joto likizidi kama nyuzi 24 inakaa tu kwa majani. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, Nakuru mjini ni kama 1,850, Molo inakaribia 2,500. Ndiyo maana shosho alikuwa anachuma karibu mwaka mzima, mimi hapa nachuma baada ya ile baridi ya Juni na Julai, na dadangu hachumi kamwe. Alizing'oa akapanda vinka pale pale, ile ya waridi na nyeupe, na imempa maua kila siku tangu hapo, na mimi naona alifanya sawa. Kila mahali na ua lake. Mtu wa Kisumu asipoteze nauli kuja kunitafuta miche.

Sasa nije kwa kile kitovu cha njano, kwa sababu hapo ndipo kuna maajabu na watu wengi hawajawahi kuangalia. Chukua ua moja ulilete karibu na jicho. Kile unachoona kama kifungo kimoja cha njano ni viua vidogo sana, makumi kwa makumi, vimesimama kwa mizunguko, na havifunguki pamoja. Vya nje vinaanza, vya mstari wa pili vinafuata, vinaingia hivyo hadi katikati, na kila kimoja kikifunguka kinakuwa na mdomo mdogo kama kikombe cha chai cha mdoli. Chini ya kila kimoja kuna kambegu kachanga, na ni huko ndani ya kambegu ndiko dawa inakaa, hiyo inaitwa pairethrini, na iko ya aina sita. Kwa zile petali nyeupe tunazozisifia hakuna kitu cha maana. Shosho hakuwa anajua jina la pairethrini lakini alikuwa anatufundisha kuangalia mistari. Mstari mmoja umefunguka, acha. Mitatu au minne, chuma leo. Yote ikifunguka na petali zimeanza kulegea na kuangalia chini, umechelewa, unabeba uzito bila dawa. Mimi sichumi kwa biashara lakini bado naangalia mistari, mkono wenyewe unakataa kuvunja ua ambalo halijafika.

Nyingi naziacha zisimame tu, ndiyo sababu nilizipanda. Zile nazochuma nazikausha ndani ya stoo juu ya wavu wa dirisha, kivulini, manake mwanga wa jua unaivunja ile dawa, halafu naziweka kwa mkebe unaofunga vizuri. Kuku wakilalia nasaga kiganja kimoja naweka chini ya nyasi za kiota na viroboto vinapungua, hiyo nilitoa kwa shosho, na yeye mahindi yake ya mbegu alikuwa anayachanganya na unga huo huo ili fukusi wasiingie. Sukuma wiki ikishikwa na vidukari naloweka kama vikombe viwili vya maua yaliyosagwa kwa lita tano za maji usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, natia sabuni kidogo ili maji yashike kwa jani, napuliza jua likishazama. Jioni ni kwa sababu mbili. Jua la mchana lingeharibu dawa kwa saa chache, na nyuki wanakuwa wamelala. Pareto haichagui mdudu mbaya na mzuri, ikimgusa nyuki inamwangusha kama inavyomwangusha kidukari, na kama una bwawa la samaki weka hiyo maji mbali kabisa nalo, samaki haivumilii. Mtu akiwa na ngozi ya kuwashwa kama binamu yangu avae glavu. Mimi haijawahi kunifanya kitu ila ile harufu ya vidole, na hiyo nimeshaizoea, hata naitafuta.

Magonjwa sijapata mengi, mbali na ule uozo wa mizizi niliojiletea. Kiangazi kikikaza huja utitiri wekundu, majani yanakuwa kama yamenyunyuziwa unga wa kutu, napiga maji kwa nguvu upande wa chini wa jani mara mbili kwa wiki na wanatoka. Sangari ndiyo adui wa kweli. Mzizi wake unaingia ndani ya kichaka cha pareto na wanashikana kiasi kwamba ukivuta mmoja wanakuja wote, kwa hivyo palilia mapema ukitumia mkono au kijembe kidogo, na usizamishe, usije ukakata mizizi ya pareto.

Mwishoni mwa msimu nakata bua zote kavu hadi chini, nabakisha kile kishada cha majani. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo bwanangu aliuliza kama nimekasirikia hayo maua. Yakatwe bila huruma. Mvua ikirudi yanachipuka upya na mwaka unaofuata yanakuja mengi zaidi. Hadi mwaka wa tatu au wa nne, hapo unaona katikati ya kichaka pameanza kuwa pa mti mti, pametupu, na maua yamesogea pembeni. Mmea unakuambia umechoka kukaa pamoja. Basi masika yakikaribia unachimba kichaka chote, unakung'uta udongo, unakipasua kwa mikono, na hapa kuna raha ambayo siwezi kuieleza vizuri, kile kishindo kidogo cha mizizi ikiachana. Kila kipande kiwe na majani yake na mizizi yake. Yale ya katikati yaliyokauka tupa. Majani punguza yabaki urefu wa kidole. Kichaka kimoja kizuri hunipa vipande vinane, na vyote ni yule yule mama, havibadiliki, tofauti na mbegu ambayo huleta mchanganyiko kwa sababu ua la pareto halijizalishi na poleni yake lenyewe, lazima itoke kwa mmea mwingine. Ndio maana nashikilia kupasua. Nataka hii hii ya kwenye mawe.

Desemba iliyopita shosho alikuja. Hakuwa ameshuka Nakuru tangu tuhamie, miguu inamsumbua, mjomba alimleta na gari ya kukodi hadi mlangoni. Sikuwa nimemwambia. Nilitaka aone mwenyewe. Alishuka, akanisalimia ule utani wetu wa mjukuu na shosho, "Mke mwenzangu, umenona," akashika mkongojo, akapiga hatua mbili na akasimama. Mstari wa fenzi ulikuwa bado una maua, si mengi kama ya Septemba lakini yapo. Hakusema kitu. Nikamletea kiti akakaa hapo hapo juani, akakataa kuingia nyumbani, chai nikaileta nje.

Nilienda jikoni kuangalia nyama na niliporudi nikasikia tak, tak, tak. Ameweka kikombe chini, amekunja leso kwa mapaja, na mkono wake wa kulia unavunja vichwa vya maua, haangalii, anaongea na mjomba mambo ya bei ya waru. Vidole vyake havinyooki tena vizuri lakini hakuna hata ua moja lililotoka na bua. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Akaendelea hadi alipofika mwisho wa pale mkono unafika, ndio akaangalia leso, akaona imejaa, akaniuliza, "Na hizi unapeleka wapi?"

Nikamwambia sipeleki mahali, shosho. Ni za kuangalia.

Akanyamaza kidogo. Akachukua ua moja kutoka kwa leso akaligeuza geuza, akaangalia mistari ya kile kitovu, akaangalia petali, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma. "Ni kweli," akasema. "Sisi hatukuwa na nafasi ya kuziangalia." Halafu akauliza kama hii ni ile ya pale chini kwenye mawe, nikamwambia ndiyo, akacheka, akamgeukia mjomba akamwambia si nilikuambia usipachome pale.

Tumeongea naye kwa simu wiki hii. Mawingu yameanza kukusanyika huko Mau lakini mvua bado. Ameagiza vipande ishirini, si kumi na tisa, na nisimtilie mbolea kwa gunia. Mahali ameshachagua, kando ya jiko, penye jua linaanza asubuhi na kumalizia hapo jioni, na mjomba ana siku tatu sasa anabeba mawe.